Risaikla ngapi, na zitoke saa ngapi? Jibu kwa mchezaji wa OGame aliyeachiwa makombo

Swali: "Nacheza OGame, ule mchezo wa mtandaoni wa vita vya angani, kwenye ulimwengu wa kasi ya 1. Nilivamia sayari iliyo mifumo 20 kutoka kwangu, nikaangusha kruza 100 na mimi nikapoteza ndege nyepesi 200. Vita ilipoisha nikatuma risaikla zangu 10, zile meli za kuzoa mabaki ya vita. Zilirudi zimejaa, 200,000 kamili, lakini nilipozituma mara ya pili mabaki yote yalikuwa yameshazolewa na mtu. Nilihitaji risaikla ngapi? Nizitume lini? Na mtu anaweza kuzivamia zikiwa njiani? Karakana yangu ni leveli ya 8, injini ya mwako leveli ya 8, injini ya impalsi leveli ya 6. Teknolojia ya haipaspesi sijaigusa."

Jibu:

Kwa kifupi, ulihitaji risaikla 53, zilipaswa kufika sekunde chache baada ya vita, na hakuna anayeweza kuzigusa zikiwa angani. Zinauawa zikishatua nyumbani. Kila moja ya hoja hizi ina hesabu yake, na ukizishika hesabu hizo utazitumia kila siku.

Nianze na idadi. Kwenye mipangilio ya kawaida ya OGame, kila meli inayoanguka vitani huacha angani asilimia 30 ya metali na kristali zilizotumika kuijenga. Deuteriamu, rasilimali ya tatu ambayo ndiyo mafuta, haibaki hata tone. Mitambo ya ulinzi ya ardhini haiingii kwenye mabaki, isipokuwa ulimwengu wako umewekwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya yote fungua maelezo ya ulimwengu unaochezea, uone asilimia ya mabaki ni ngapi na kama ulinzi unahesabiwa, maana seva nyingi za sasa zimepandisha kiwango hicho.

Kruza moja hula metali 20,000 na kristali 7,000, ukiacha deuteriamu. Kruza 100 zikianguka huacha metali 600,000 na kristali 210,000, jumla 810,000. Wengi huishia hapo na kusema wanahitaji risaikla 41. Wanasahau kwamba mabaki hayabagui meli za nani zimeanguka. Ndege nyepesi zako 200, za metali 3,000 na kristali 1,000 kila moja, zimeongeza metali 180,000 na kristali 60,000. Hapo juu ya sayari ya adui palikuwa na metali 780,000 na kristali 270,000, yaani 1,050,000. Risaikla moja hubeba 20,000. Gawanya upate 52.5, na kwa kuwa hakuna nusu meli, ni 53.

Kupoteza ndege nyepesi nyingi dhidi ya kruza ni jambo la kutarajia, kwa sababu kruza zina mapigo ya haraka dhidi ya ndege hizo: moja ikishafyatua, ina nafasi kubwa ya kufyatua tena ndani ya raundi ileile. Ndiyo maana ukiwa na ndege nyepesi kama ngao ya mbele, hesabu ya mabaki lazima ianze na hasara yako mwenyewe. Simuleta ya vita, yaani programu ya kujaribia vita kabla ya kupigana, hukupa makadirio hayo. Chukua matokeo yenye mabaki mengi zaidi, si ya wastani, kisha ongeza risaikla moja kwa kila kumi. Ziada hiyo ikirudi tupu hujapoteza kitu zaidi ya mafuta, lakini ikipungua unampa jirani zawadi.

Kuna njia mbili za kuongeza uwezo bila kujenga meli mpya. Ya kwanza ni teknolojia ya haipaspesi, ambayo kwenye matoleo ya sasa ya mchezo huongeza shehena ya kila meli kwa asilimia 5 kwa kila leveli. Leveli nne za kwanza zinagharimu jumla ya kristali 60,000 na deuteriamu 30,000, na risaikla inatoka 20,000 hadi 24,000. Mabaki yako ya 1,050,000 yangehitaji risaikla 44 badala ya 53. Risaikla tisa ulizookoa zingekugharimu metali 90,000, kristali 54,000 na deuteriamu 18,000. Ukipima kwa kiwango cha kubadilishana cha 3:2:1 kinachotumiwa na wachezaji wengi (metali 3 kwa kristali 2 kwa deuteriamu 1), utafiti unakula thamani ya metali 180,000 na meli hizo tisa 225,000. Kwa hiyo kwa ukubwa wa vita ulivyoanza kupigana, utafiti unalipa, tena unanufaisha na meli za mizigo. Unahitaji maabara leveli ya 7, teknolojia ya nishati leveli ya 5 na ya ngao leveli ya 5. Kama ngao yako bado iko leveli ya 2 uliyoihitaji ili kufungua risaikla, leveli tatu zilizobaki ni metali 5,600 na kristali 16,800 tu.

Njia ya pili ni daraja la Jenerali, moja ya madaraja anayojichagulia mchezaji, ambalo huongeza shehena ya risaikla kwa asilimia 20 na pia kasi yake. Anayeishi kwa vita na mabaki ana kila sababu ya kulichagua. Anayeishi kwa migodi abaki na daraja la Mkusanyaji.

Sasa muda, na hapa ndipo ulipopoteza mzigo. Hata kama ungekuwa na risaikla 53, kuzituma baada ya vita ni kuacha mabaki yaelee saa tatu na nusu mbele ya kila anayefungua ramani ya galaksi. Ramani inamwonyesha kila mtu kiasi kilichopo, tena inamhesabia hadi risaikla zinazohitajika.

Risaikla ni meli ya polepole kuliko karibu zote za mwanzo. Kasi yake ya msingi ni 2,000, na kila leveli ya injini ya mwako huongeza asilimia 10 ya hiyo. Kwa leveli yako ya 8 inakwenda 3,600. Ndege nyepesi yako, ya msingi 12,500, inakwenda 22,500. Kruza, kama nawe ulipeleka zako, kwa impalsi leveli ya 6 zinafika 33,000, ila msafara hufuata meli ya polepole kuliko zote, kwa hiyo msafara wako wa vita ulikwenda 22,500.

Umbali ndani ya galaksi moja ni 2,700 ukijumlisha 95 kwa kila mfumo unaovuka. Mifumo 20 ni 4,600. Muda wa safari kwa sekunde, kwenye ulimwengu wa kasi ya 1 na kasi ya asilimia 100, unapatikana hivi: zidisha umbali kwa 10, gawanya kwa kasi ya meli, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3,500, ongeza 10. Ndege nyepesi zako zilihitaji sekunde 5,014, yaani saa 1, dakika 23 na sekunde 34. Risaikla zinahitaji sekunde 12,521, yaani saa 3, dakika 28 na sekunde 41. Tofauti ni saa 2, dakika 5 na sekunde 7. Risaikla zinapaswa kutangulia kwa muda huo kabla msafara wa vita haujaondoka. Kwenye ulimwengu wa kasi kubwa gawanya muda kwa kasi ya misafara ya ulimwengu huo.

Ukichomeka meli ndogo za mizigo kwa ajili ya kupora, zenyewe kwa impalsi leveli ya 6 zinakwenda 22,000, na msafara mzima unachukua saa 1, dakika 24 na sekunde 31. Karibu dakika nzima zaidi. Makosa ya namna hii ndiyo yanayofanya risaikla zifike kabla ya vita, kwa hiyo muda wa mwisho soma kwenye skrini ya kutuma, ukiwa umeshaweka kila meli utakayoipeleka.

Lipo kikwazo kinachowakwamisha wengi: mchezo haukuruhusu kutuma risaikla mahali pasipo na mabaki. Sasa utazitanguliza vipi wakati vita bado? Jibu ni kipelelezi kimoja, yaani chombo kidogo cha kupelelezea sayari. Kinajengwa kwa kristali 1,000, na kikidunguliwa huacha kristali 300 angani, ambazo zinatosha kabisa kufungua amri ya kuzoa. Kwa umbali wako kipelelezi kinafika ndani ya sekunde 66. Sayari nyingi zenye misafara mizuri tayari zina kristali 300 au 600 zinazoelea, kwa sababu kila mtu anazipeleleza na vipelelezi hudunguliwa. Angalia ramani kwanza, huenda huna haja ya kupoteza chako. Kama hapana mabaki, tuma kipelelezi kwa amri ya kawaida ya upelelezi, wala usikimbilie amri ya kushambulia. Kikidunguliwa, mwenye sayari ataona upelelezi ule ule anaouona kila siku. Shambulio la kipelelezi kimoja humshtua mchezaji mzoefu, anajua mara moja kwamba kuna mtu anaandaa njia ya risaikla.

Basi mpangilio wa saa unakuwa hivi. Tuseme unataka vita itokee saa 14:30:02 kwa saa ya seva, ile iliyo juu ya skrini, yaani saa nane na nusu mchana kwa saa zetu kama seva iko sambamba na wewe. Usitegemee saa ya simu, hata sekunde mbili za tofauti ni nyingi hapa. Risaikla zifike 14:30:05, kwa hiyo ziondoke 11:01:24. Msafara wa vita uondoke 13:06:28. Katikati una saa mbili za kupeleleza tena: kama adui amehamisha kruza zake, unazirudisha risaikla na umepoteza mafuta tu.

Kwa nini sekunde tatu na si sifuri? Misafara miwili ikifika sekunde ileile huna uhakika upi utashughulikiwa kwanza. Risaikla zikitangulia zitazoa zile kristali 300 za kipelelezi na kugeuza kurudi, na mabaki yako ya milioni yatabaki pale bila mwenyewe. Pengo la sekunde mbili hadi tatu linatosha. Ukiacha dakika tano kwa usalama, unampa nafasi mtu ambaye huenda humfikirii: mwenye sayari.

Huyu ndiye ninayemshuku kwanza katika kesi yako. Umbali kutoka sayari hadi mabaki yanayoelea juu yake ni 5 tu. Risaikla zenye injini kama zako zinaufikia kwa dakika 7 hivi. Jirani aliye mfumo huohuo, sayari nne kando, anahitaji saa 1, dakika 38 na sekunde 21, hata kama ameona vita ikitokea. Aliye galaksi ya jirani anahitaji zaidi ya saa 7. Kwa hiyo mshindani wako wa kweli ni yule uliyempiga, kama ana risaikla kwenye koloni yake ya karibu au zilikuwa angani wakati wa vita. Risaikla zako zilijaa safari ya kwanza, maana yake hakuwa macho kwa saa tatu na nusu za mwanzo. Kisha zikachukua saa 3 na dakika 28 kurudi, na nyingine kama hizo kwenda tena. Kwa karibu saa 7, mabaki 850,000 yalikuwa wazi. Alipoamka asubuhi aliyakuta yakimsubiri.

Mafuta yasikutishe. Risaikla moja hula 300 kwa msingi, na kwa umbali wa 4,600 kwa kasi kamili ni deuteriamu 158 hivi, kwenda na kurudi. Risaikla 53 zinakula kama 8,360. Hukatwa zote wakati wa kuondoka, kwa hiyo deuteriamu iwe kwenye sayari zinakotokea, si kwenye ile unakotoa msafara wa vita. Hakikisha pia una nafasi za misafara. Idadi ya misafara unayoweza kuwa nayo angani ni leveli ya teknolojia ya kompyuta ukiongeza moja. Vita moja, uzoaji mmoja na vipelelezi tayari ni tatu. Watu wamewahi kushinda vita na kukuta hakuna nafasi ya kutuma risaikla kwa sababu meli mbili za mizigo zilikuwa njiani kuleta metali nyumbani.

Usizichanganye risaikla na msafara wa vita kwa kudhani zitazoa baada ya ushindi. Kwa amri ya kushambulia hazizoi chochote. Kasi ya msafara mzima itashuka hadi 3,600, na zitaingia vitani zikiwa na silaha ya 1 na ngao ya 10. Bodi yake ya 1,600 haistahimili risasi nyingi za kruza, na kila moja ikianguka inaongeza mabaki ya 4,800 ambayo huna tena chombo cha kuyazoa. Kinyume chake kinawezekana: meli nyingine zinaweza kuandamana na risaikla kwa amri ya kuzoa, ila shehena inayopokea mabaki ni ya risaikla pekee.

Wengine huuliza kama wafanye utafiti ili risaikla ziende kasi zaidi. Ipo njia: injini ya impalsi ikifika leveli ya 17, risaikla hubadili injini na kasi ya msingi inakuwa 4,000, na kwa leveli hiyo zinakwenda 17,600. Injini ya haipaspesi leveli ya 15 huzipa msingi wa 6,000 na kasi ya 33,000. Lakini leveli ya 17 ya impalsi peke yake inagharimu metali 131,072,000 na kristali 262,144,000. Mafuta nayo hupanda, 600 kwa impalsi na 900 kwa haipaspesi. Hayo ni mambo ya akaunti ya miaka. Kwa hatua uliyopo, kinachosaidia ni koloni. Weka sayari moja karibu na eneo unalovamia sana, risaikla zikae huko, na saa tatu na nusu zitashuka sana.

Nije kwenye usalama. Katika OGame, misafara haikutani angani. Risaikla zikiwa zinakwenda, zikizoa au zikirudi, hakuna amri ya kuzishambulia. Zinashambuliwa zikiwa zimetua kwenye sayari au mwezi. Kwa hiyo anayekuwinda anachotafuta ni jambo moja: sekunde zinapotua.

Ana njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni rada ya falanksi, inayojengwa mwezini. Upana wake ni leveli ikizidishwa kwa yenyewe ukitoa moja: leveli ya 4 huona mifumo 15 kila upande, leveli ya 8 huona 63. Kila skani ni deuteriamu 5,000. Risaikla zikirudi kwenye sayari iliyo ndani ya upana huo, anaona muda wa kutua hadi sekunde, anatuma msafara wake ufike sekunde mbili baadaye. Falanksi haioni mwezi, kwa hiyo risaikla zinazotoka na kurudi mwezini hazisomeki namna hiyo.

Na hapo angalia athari ya vita yako mwenyewe. Kila mabaki 100,000 huleta uwezekano wa asilimia 1 wa mwezi kuzaliwa, hadi kikomo cha asilimia 20. Vita yako ilikuwa na uwezekano wa asilimia 10, na mwezi ungezaliwa juu ya sayari ya adui, uwe wake. Adui uliyempiga sasa angekuwa na mahali pa kujenga falanksi, mifumo 20 kutoka kwako. Ili akufikie kwa rada angehitaji leveli ya 5, yenye mifumo 24. Baada ya kila vita kubwa soma ripoti hadi mwisho uone kama mwezi umetokea.

Njia ya pili haihitaji rada kabisa, na ndiyo inayowaangusha hata wenye miezi. Anayekuwinda anafungua ramani na kuyaangalia mabaki. Yakitoweka, ameshajua sekunde risaikla zako zilipofika. Muda wa kurudi ni sawa na wa kwenda. Umbali anaujua, na injini yako ameisoma kwenye ripoti ya upelelezi. Kinachobaki kwake ni kubahatisha asilimia ya kasi uliyotumia, na watu wengi hutumia 100. Ukitumia 90 au 80 unamvuruga hesabu, ila basi muda wa kutangulia unaongezeka: kwa asilimia 80 safari yako ya saa tatu na nusu inakuwa kama saa 4 na dakika 21. Panga hivyo tangu mwanzo. Kinga iliyo bora kuliko zote ni kuwa mbele ya skrini zinapotua, na kuziondoa tena papo hapo.

Zikitua ukiwa umelala, hasara ni ya aina mbili. Mzigo unaingia ghalani, na mvamizi anaweza kubeba hadi nusu ya kilichopo. Risaikla zenyewe zikiharibiwa zote 53 zinaacha mabaki 254,400, ambayo yeye anayazoa kwa risaikla 13. Ghala likijaa kupita uwezo, mzigo ulioletwa na msafara haupotei, ila migodi husimama hadi utumie. Kwa hiyo mzigo mkubwa ukiingia, utumie siku hiyohiyo.

Amri ya kuzoa pia ni njia nzuri ya kuficha msafara usiku. Unahitaji mabaki yoyote, hata kristali 300, kwenye sayari ya mfumo wako, na risaikla angalau moja ndani ya msafara. Mfano: mabaki yako sayari nne kando, umbali 1,020. Kwa kasi ya asilimia 40 risaikla zako zinachukua saa 4 na dakika 5 na sekunde 38 kwenda, na muda uleule kurudi, jumla kama saa 8 na dakika 11. Unalala, unaamka, unakuwa macho zinapotua. Mafuta kwa risaikla zote 53 ni deuteriamu 909 tu, kwa kuwa kasi ndogo hupunguza ulaji kwa kiasi kikubwa. Toka mwezini kama unao. Ukitoka kwenye sayari iliyo chini ya rada ya mtu, unamwandikia saa ya kukuamkia.

Kuhusu kumwomba rafiki akuzolee mabaki kisha akukabidhi: soma kwanza sheria ya ulimwengu wako kuhusu kusukumana, kwa sababu rasilimali kutoka akaunti dhaifu kwenda iliyo juu yake zinaweza kukufungia akaunti hata kama nia ilikuwa njema. Mwandikie msimamizi wa mchezo kabla, si baada.

Mwisho, namna ya kuzijenga. Kutoka 10 hadi 53 unahitaji 43, yaani metali 430,000, kristali 258,000 na deuteriamu 86,000. Je, zinajilipa? Kwa kipimo kilekile cha 3:2:1, risaikla moja ina thamani ya metali 25,000, na shehena moja iliyojaa mabaki kama yako, metali 14,857 na kristali 5,143, ina thamani ya 22,571. Safari moja iliyojaa inarudisha karibu asilimia 90 ya gharama. Kwa maoni yangu ungepaswa kuwa nazo kabla ya kujenga hizo ndege nyepesi 200.

Kwa karakana leveli ya 8 bila kiwanda cha nanaiti, kila risaikla huchukua dakika 42 na sekunde 40, kwa hiyo 43 zinachukua saa 30 na nusu hivi. Usiagize zote kwa mkupuo. Oda ya karakana haifutiki, na zitakuwa zinatoka moja moja na kujipanga ardhini usiku kucha bila wewe kuwepo. Agiza 11 kabla ya kulala, zitamalizika ndani ya saa 7 na dakika 50. Hata zikiangushwa zote zinaacha 52,800, faida ndogo isiyomfaa mtu kutoka mbali na kutumia mafuta. Ukiamka, ziunganishe na zile zilizorudi kutoka angani, kisha agiza nyingine mchana ukiwa macho. Rasilimali hukatwa wakati wa kuagiza, kwa hiyo kile ulichokwisha agizia hakiporwi tena. Baadaye ukijenga kiwanda cha nanaiti, leveli ya 1 itakata muda huo kwa nusu.